Mstaafu asiye na jeshi: Mwalimu Nyerere na usuluhishi wa Burundi, 1996–1999

Alhamisi ya tarehe 25 Julai 1996 jeshi la Burundi lilimpindua Rais Sylvestre Ntibantunganya na kumrudisha Meja Pierre Buyoya madarakani. Siku mbili kabla yake Ntibantunganya alikwenda Bugendana kwenye mazishi ya watu zaidi ya 300, Watutsi waliouawa kambini na waasi. Waombolezaji walimrushia mawe. Alikimbilia kwenye makazi ya balozi wa Marekani mjini Bujumbura, na humo ndimo alimokuwa jeshi lilipotangaza kwamba nchi ina rais mwingine.

Mapinduzi hayo yalimgusa moja kwa moja Mtanzania mmoja wa miaka 74 ambaye hakuwa na cheo chochote serikalini wala katika chama. Julius Nyerere aliondoka Ikulu Novemba 1985 na akaachia uenyekiti wa CCM Agosti 1990. Neno lenyewe tunalolitumia kwa kitendo hicho, kung'atuka, alilitoa kwenye Kizanaki na kulitia katika Kiswahili cha kila siku. Mwezi Aprili na tena mwezi Juni mwaka ule wa 1996 alikuwa amewaketisha Mwanza wajumbe wa FRODEBU, chama cha Ntibantunganya, na UPRONA, chama cha Buyoya, vyama viwili vikubwa vya Burundi, akijaribu kuwapatanisha kabla nchi haijateketea. Sasa upande mmoja wa mazungumzo umepinduliwa na upande wa pili umeshika bunduki.

Kisa hiki nimekichagua kwa sababu kinajibu swali ambalo Watanzania tunaliuliza kila kiongozi anapostaafu: mtu aliyeachia chama na dola anabaki na nini mkononi? Jibu rahisi ni heshima. Kwa Burundi heshima ilimfikisha Mwalimu mlangoni tu. Kilichomwingiza ndani kilikuwa nguvu ya kuazima, nguvu ya marais waliokuwa madarakani, na ninavyoona mimi mafanikio yake na makosa yake yote mawili yanatoka hapo.

Alivyoingia

Hakuibuka tu kutoka Butiama. Tangu 1987 hadi 1990 aliongoza Tume ya Kusini, iliyowakusanya wataalamu wa nchi zinazoendelea, na katibu mkuu wake alikuwa Manmohan Singh, ambaye baadaye alikuja kuwa waziri mkuu wa India. Baada ya tume kumaliza ripoti yake aliendelea kuongoza Kituo cha Kusini kule Geneva. Nyumbani hakunyamaza: alikuwa mstari wa mbele kushauri nchi irudi kwenye vyama vingi, na mwaka 1995 alizunguka kumnadi Benjamin Mkapa, aliyewahi kuwa mwandishi wake wa habari na waziri wake wa mambo ya nje. Kwa hiyo viongozi wa Maziwa Makuu walipokutana Cairo mwishoni mwa 1995, kisha Tunis Machi 1996, mikutano iliyoandaliwa na Jimmy Carter kwa msaada wa Desmond Tutu, Amadou Toumani Touré na Nyerere mwenyewe, mzigo wa Burundi ulimwangukia yeye.

Burundi ya wakati huo ilikuwa nchi yenye jeraha bichi. Juni 1993 Melchior Ndadaye wa FRODEBU alimshinda Buyoya katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi wa urais. Alikaa madarakani kwa zaidi kidogo ya miezi mitatu. Tarehe 21 Oktoba askari wa jeshi lililotawaliwa na Watutsi walimuua. Watutsi wengi wakauawa vijijini kwa kulipiza kisasi, jeshi nalo likawaua Wahutu, na vita vikaanza ambavyo hadi kuisha kwake vinakadiriwa kuwaua watu 300,000. Mrithi wa Ndadaye, Cyprien Ntaryamira, alikufa tarehe 6 Aprili 1994 katika ndege moja na Juvénal Habyarimana wa Rwanda. Walikuwa wakitoka kwenye mkutano Dar es Salaam.

Kwa watu wa Kigoma na Ngara hii haikuwa habari ya redioni. Maturubai ya UNHCR yalikuwa yanaonekana barabarani. Wakimbizi wa Burundi walikuwa tayari wapo nchini tangu mauaji ya 1972, huko Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakilima na kuzaa watoto ambao hawajawahi kuiona Burundi. Baada ya 1993 wakaja wengine, hata kufikia mwaka 1998 kambi za magharibi zilikuwa na zaidi ya Warundi 200,000. Msuluhishi wa Mwanza alikuwa anashughulikia moto wa jirani ambao moshi wake ulikuwa tayari umo ndani ya nyumba yake.

Wastaafu wawili

Jambo moja ambalo wachambuzi wengi hulipita haraka linanivuta mimi zaidi ya mengine. Buyoya naye alikuwa mstaafu. Aliingia kwa mapinduzi mwaka 1987, akaruhusu uchaguzi, akashindwa, akamkabidhi Ndadaye madaraka Julai 1993 na akasifiwa duniani kwa hilo. Akaanzisha taasisi yake ya kushughulikia umoja, amani na demokrasia. Kwa miaka mitatu aliishi maisha ambayo kwa nje yanafanana na ya Mwalimu: kiongozi wa zamani wa nchi na wa chama, mwenye taasisi, mwenye kualikwa kwenye makongamano. Halafu akarudi na vifaru, akiwa na miaka 46.

Basi tangu Julai 1996 mezani walikaa watu wawili waliowahi kuachia madaraka. Mmoja alirudi kwa jeshi, mwingine hakurudi. Nyerere alikuwa na sababu ya kina ya kutompokea Buyoya kirahisi. Kama mtu anaweza kukubali kushindwa, akapigiwa makofi, kisha akarudi kwa nguvu na bado akapokelewa na majirani kama rais halali, basi kukabidhi madaraka kwenyewe kunakuwa mapumziko tu. Mwalimu alikuwa ametumia miaka kumi akiwaeleza Watanzania, kwa vitendo, kwamba mtu anaweza kuondoka na nchi isianguke. Kumpokea Buyoya kungekuwa kulifuta somo hilo kwa mkono wake mwenyewe.

Siku sita

Mapinduzi yalitokea tarehe 25. Tarehe 31 Julai marais wa kanda walikuwa Arusha. Mkapa alikuwepo, Museveni alikuwepo, Moi alikuwepo, Meles Zenawi wa Ethiopia alikuwepo, na Salim Ahmed Salim alikuwepo kama Katibu Mkuu wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Walitoka na uamuzi ambao Afrika haikuwa imezoea kuuona: majirani wanaiwekea vikwazo vya uchumi nchi jirani kwa sababu ya mapinduzi. Masharti yalikuwa matatu. Bunge lirudishwe, vyama vya siasa viruhusiwe, na mazungumzo ya wote, wakiwemo waasi, yaanze bila masharti.

Tusome jinsi nguvu ilivyopita. Nyerere hakuwa na uwezo wa kufunga hata geti moja la mpaka. Mkapa alikuwa nao, Moi alikuwa nao, Museveni alikuwa nao. Burundi haina bahari. Mzigo wake hupita Dar es Salaam, ukapanda reli ya kati hadi Kigoma, ukashushwa na kupakiwa melini kwenda Bujumbura. Au hupita Mombasa, Kampala na Kigali kwa malori. Kahawa, ambayo ndiyo iliyoiletea nchi fedha za kigeni, hutoka kwa njia hizo hizo. Nchi kadhaa zikikubaliana kwa wakati mmoja, Burundi inabanwa pande zote. Ujuzi wa Mwalimu ulikuwa kuwafanya watu ambao hawakuwa na sababu ya kukubaliana wakubaliane ndani ya siku sita, na kuyafunga makubaliano yao kwenye meza yake ya mazungumzo. Wakubwa wa dunia walikuja kuunga mkono baadaye na kwa shingo upande.

Matokeo ya haraka yalikuwepo. Septemba 1996 Buyoya alilirudisha bunge na kuviruhusu vyama, ingawa bunge lenyewe lilikuwa limepungukiwa na wabunge wengi waliouawa au kukimbia. Sharti la tatu, kuzungumza na waasi, alilikwepa.

Na vikwazo vikaanza kuumiza wasiohusika. Mafuta yalipanda bei Bujumbura, mbolea ikawa adimu, dawa zikachelewa. Magendo yalishamiri: madumu ya mafuta yakivushwa mpakani usiku, na faida ikiwaendea wenye magari, wenye fedha na wenye jamaa jeshini, yaani watu wale wale ambao vikwazo vililenga kuwabana. Mkulima wa Gitega hakuwa na dumu la kuvusha. Aprili 1997 kanda ililegeza, ikaruhusu chakula, dawa, vifaa vya shule, vya ujenzi na pembejeo za kilimo. Mimi naamini kulegeza huko kulipaswa kuja mapema zaidi, siku ya kwanza kabisa kwa dawa na mbegu. Huwezi kumbana mkuu wa jeshi kwa kumnyima mama wa kijijini vidonge vya malaria. Waliokuwa wakimshauri Mwalimu walilijua hilo, na miezi minane ni mingi kwa mtoto mwenye homa.

"Huyu ni msuluhishi wa nani?"

Serikali ya Buyoya ilimkataa Nyerere kwa sauti iliyozidi kupanda. Agosti 1997 mazungumzo ya wote yalipangwa kuanza Arusha. Bujumbura haikutuma ujumbe. Mwanzoni mwa Septemba marais wa kanda walikutana Dar es Salaam, wakasimama na msuluhishi wao na kuviacha vikwazo mahali pake.

Watanzania wengi wakati ule tulichukulia malalamiko ya Bujumbura kuwa visingizio. Nikiyasoma leo naona yalikuwa na uzito. Jiweke kwenye nafasi ya Mtutsi wa Bujumbura anayeogopa kufa. Msuluhishi ni Mtanzania. Rais wa nchi mwenyeji ni mtu aliyenadiwa na msuluhishi huyo. Katibu Mkuu wa OAU ni Mtanzania. Mwenyekiti wa FRODEBU ya uhamishoni, Jean Minani, anaishi Tanzania. Chama cha Palipehutu, chenye siasa kali za Kihutu, kilizaliwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Mishamo, ndani ya Tanzania, mwaka 1980. Na kila usiku waasi wanaripotiwa kuvuka mto Malagarasi kutoka upande wa Kigoma. Kutokuegemea upande si jambo la moyoni tu. Anayepatanishwa lazima alione.

Hapa ndipo gharama ya nguvu ya kuazima inapoonekana. Aliyekuazima ana mambo yake. Mwishoni mwa 1997, huku mpakani kukiwa na majibizano ya risasi, jeshi la Tanzania liliwakusanya Warundi waliokuwa wakiishi vijijini Kigoma na Kagera, wengine kwa miaka mingi, wakiwa na mashamba, wake na waume wa Kitanzania, na kuwapeleka kambini. Watu waliondolewa na walichoweza kubeba. Serikali ya Mkapa ilitoa sababu ya usalama. Lakini msuluhishi aliyekuwa akimtaka Buyoya awavunjie Wahutu kambi za kukusanywa kwa nguvu alikuwa anasuluhisha kutoka nchi iliyokuwa ikikusanya watu vilevile. Sijaona mahali Mwalimu alipolikemea hilo hadharani, na yeye alikuwa mtu wa kukemea hadharani. Hilo linaniuma, kwa sababu nampenda.

Chumba cha Arusha

Kilichouvunja ukuta wa Buyoya kilitokea nyumbani kwake. Mapema Juni 1998 alifikia makubaliano ya ushirikiano na bunge lililokuwa na wabunge wengi wa FRODEBU ya ndani, akapata uhalali fulani, na akaona anaweza kwenda Arusha bila kuonekana kama mtu aliyeburutwa. Tarehe 15 Juni 1998 mazungumzo yakafunguliwa katika Kituo cha Kimataifa cha Mikutano, AICC.

Jengo lenyewe lina maana. Ndani ya AICC hiyo hiyo Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilikuwa inaendelea na kesi zake. Septemba 2 mwaka huo Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, alitiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari, hukumu ya kwanza ya aina hiyo kutolewa na mahakama ya kimataifa. Siku mbili baadaye Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu, alihukumiwa kifungo cha maisha. Na ndani ya mchakato wa Burundi, wajumbe walikuwa wanabishania neno lile lile: yaliyotokea 1972 dhidi ya Wahutu yaitwe nini, yaliyotokea Oktoba 1993 dhidi ya Watutsi yaitwe nini. Kila mjumbe alijua kwamba neno hilo, upande mwingine wa jengo, lina kifungo nyuma yake.

Hatimaye mezani walikaa wajumbe wa pande kumi na tisa: serikali, bunge, na vyama kumi na saba, saba vikihesabiwa vya Wahutu na kumi vya Watutsi. Vingine vilikuwa na wanachama wanaotosha kujaa kwenye daladala. Wafadhili wa Ulaya, waliokuwa wanalipia hoteli na posho, walinung'unika kwamba posho inawaondolea wajumbe haraka. Walitaka wakubwa wachache wafungiwe chumbani hadi wasaini.

Mwalimu alikataa, na hapa nakubaliana naye. Alikuwa ametoka kwenye shule ya TANU, ambako Halmashauri Kuu ilikaa hata usiku hadi aliye wachache achoke kupinga au wengi wabadilike. Alijua kwamba mapatano ya Burundi ya 1994, yaliyogawana vyeo kati ya vigogo bila kugusa jeshi wala historia, hayakudumu hata miaka miwili. Kwa hiyo alianza na historia. Ziliundwa kamati. Ya kwanza, ya chanzo cha mgogoro, ikaongozwa na Armando Guebuza wa Msumbiji. Ya demokrasia na utawala bora ikapewa Nicholas Haysom wa Afrika Kusini. Ya amani na usalama ikaongozwa na Padri Matteo Zuppi wa jumuiya ya Sant'Egidio ya Roma, ambaye leo ni kardinali. Ya ujenzi mpya wa uchumi ikaongozwa na Georg Lennkh wa Austria. Ya tano ilihusu dhamana za kutekeleza mkataba. Upande wa Tanzania, Jaji Mark Bomani na Joseph Butiku wa Taasisi ya Mwalimu Nyerere, iliyoanzishwa 1996, ndio walioshika kazi ya kila siku.

Tazama alivyowagawa. Afrika Kusini na Msumbiji, nchi mbili zilizotoka vitani kwa kuzungumza, zimepewa historia na katiba. Watu wa Sant'Egidio waliosuluhisha Msumbiji mwaka 1992, na ambao mwaka 1997 walikuwa wamewakutanisha kwa siri Roma wajumbe wa Buyoya na waasi wa CNDD, wamepewa jeshi na silaha. Mazungumzo yale ya Roma yangeweza kumuudhi msuluhishi mwenye wivu. Yeye aliwaingiza ndani na kuwapa kiti.

Kamati ya Guebuza haikukubaliana juu ya neno. Mkataba uliopatikana baadaye unaeleza kwamba kumekuwa na vitendo vya mauaji ya kimbari na uhalifu wa kivita, unakiri kwamba pande zinatafsiri tofauti, na unaomba uchunguzi wa kimataifa. Kwa mtu anayetaka ushindi, hiyo ni sentensi dhaifu. Kwa watu ambao kwa miaka 26 walikuwa kila mmoja na makaburi yake asiyoruhusiwa kuyataja mbele ya mwenzake, kuandika karatasi moja yenye 1972 na 1993 ndani yake kulikuwa kazi kubwa. Nadhani hilo ndilo jambo bora kuliko yote yaliyofanyika Arusha, na lilihitaji ule mwendo wa taratibu uliowachosha wafadhili.

Viti ambavyo havikuwekwa

Sasa kosa. Mwezi mmoja kabla ya mazungumzo kufunguliwa, CNDD ya Léonard Nyangoma ilipasuka. Jean-Bosco Ndayikengurukiye akaondoka na sehemu kubwa ya wapiganaji, kundi likaitwa CNDD-FDD. Kadhalika Palipehutu ilikuwa na tawi la kijeshi, FNL, chini ya Cossan Kabura, lisilomtii mwenyekiti aliyekwenda Arusha. Nyerere alimweka mezani Nyangoma na kuwaacha nje wenye bunduki. Hoja yake ilikuwa kwamba akitambua kila kundi linalojitenga, kila kamanda mwenye watu mia atajitenga ili apate kiti na posho. Kwa chama cha siasa hoja hiyo ni nzito. Ndivyo alivyokuwa akilinda umoja wa TANU na CCM kwa miaka zaidi ya thelathini, na alikuwa na chuki ya kweli dhidi ya kuwazawadia wanaovunja umoja. Kwa vita haikufaa. Wajumbe walitangaza kwamba mapigano yasimame tarehe 20 Julai 1998. Siku ilifika, milima ya Bujumbura Vijijini ikaendelea kulia kwa risasi, kwa sababu waliokuwa wanafyatua hawakuwa wamesaini kitu.

Nasema hili kwa uzito kwa sababu linahusu tabia ya kiongozi wa chama hata baada ya kustaafu. Mwalimu alimtazama Nyangoma kama mwenyekiti halali aliyefanyiwa uasi na kamanda wake. Alitazama kwa jicho la kadi na katiba ya chama. Aliyeshika bunduki katika msitu wa Kibira hakuwa na kadi.

Mwezi Agosti 1998 vita vya pili vya Congo vililipuka na umoja wa kanda ukapasuka. Uganda na Rwanda upande mmoja, Rais Laurent Kabila wa Congo upande mwingine, jeshi la Burundi nalo likajikuta ng'ambo ya ziwa. Kabila akawakaribisha CNDD-FDD kupigana upande wake. Wale walioachwa nje ya ukumbi wa Arusha wakapata silaha na mafunzo Congo. Marais waliokuwa wakimwazima Mwalimu nguvu yao sasa walikuwa wanapigana wao kwa wao, na Januari 1999 vikwazo vikasimamishwa. Kwa mazungumzo ya mwaka huo msuluhishi alibaki na sauti yake, kamati zake, na damu ambayo madaktari walikuwa wamekwisha kuigundulia ugonjwa.

Butiama

Alikuwa na saratani ya damu. Mwishoni mwa Septemba 1999 alilazwa hospitali ya St Thomas', London, na tarehe 14 Oktoba akafariki, akiwa na miaka 77. Mazishi yalifanyika Butiama tarehe 23. Kwa wiki ile Tanzania nzima ilikuwa barabarani, na Arusha kamati zikawa hazina msuluhishi.

Tarehe 1 Desemba kanda ikamteua Nelson Mandela. Alipofika Arusha Januari 2000 aliwakemea wajumbe uso kwa uso kwamba watu wao wanakufa huku wao wakibishana, akaleta uzito ambao dunia haikuweza kuukwepa, akaanza kuwatafuta CNDD-FDD na FNL. Tarehe 28 Agosti 2000 mkataba ulisainiwa Arusha mbele ya Bill Clinton na viongozi wengi wa Afrika, vyama kadhaa vya Kitutsi vikisusa na kuja kusaini mwezi uliofuata. Magazeti yalimpa Mandela sifa, na anastahili. Lakini ukiufungua mkataba unakuta itifaki tano, na itifaki hizo ni kamati zile tano. Aliyepewa miezi tisa akapata mkataba alirithi faili lililokwisha andikwa.

Alirithi na pengo. Mkataba ulisainiwa bila kusimamisha mapigano. Serikali ya mpito ilianza Novemba 2001, Buyoya akiongoza miezi 18 ya kwanza na Domitien Ndayizeye miezi 18 iliyofuata. CNDD-FDD, wakati huo chini ya Pierre Nkurunziza, walikubali kuweka silaha Novemba 2003. FNL walichelewa hadi Septemba 2006. Kila mwaka wa nyongeza ulikuwa na makaburi yake, na sehemu ya makaburi hayo inatokana na uamuzi wa Juni 1998 wa nani akae mezani. Jeshi ambalo mkataba ulitaka lisiwe na zaidi ya nusu ya kabila moja lilijengwa kweli, na Mhutu na Mtutsi wakalala kambi moja. Katiba ya 2005 ikafuata, na Nkurunziza akawa rais.

Miaka kumi baadaye, Mei 2015, Nkurunziza alipokuwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu nia yake ya muhula wa tatu, baadhi ya askari walijaribu kumpindua wakashindwa. Damu ikamwagika, na Warundi wakaanza tena kuvuka kwenda Kigoma. Machi 2016 Jumuiya ilimtafuta mstaafu wa kusuluhisha, ikampata Benjamin Mkapa, aliyekuwa ameachia urais 2005 na uenyekiti wa CCM 2006. Alikaa Arusha, kama mwalimu wake. Alikuwa na ujuzi, uvumilivu, na jina linaloheshimika. Hakuwa na kitu kimoja: safari hii hakuna jirani aliyekuwa tayari kufunga reli, bandari au mpaka kwa ajili ya meza yake, na Bujumbura ilijua hivyo. Oktoba 2018 Mkapa aliitisha kikao cha tano. Serikali ya Burundi haikutuma mtu. Chama kilichokuwa madarakani, na ambacho kiti chake kilikaa wazi, kilikuwa CNDD-FDD, wale wale ambao miaka ishirini nyuma, katika mji huo huo, hawakuwekewa kiti.